Gari la Mayatima na Kamshafti ya Kijana



Ndugu zangu wasomaji, akina mama na akina baba, huenda mkastaajabu kuona sheikh akiandika habari za injini. Lakini kesi za mirathi hazituletei mashamba na nyumba peke yake. Nilipokuwa Lodwar, Turkana, kwa ajili ya darsa, alinijia baada ya sala ya alasiri mama mjane, mzaliwa wa pwani aliyeolewa huko, akiwa na mwanawe wa kiume. Marehemu aliacha gari moja kuukuu, Peugeot 504 ndefu ya abiria, lile ambalo wazee wetu waliliita Pijo na kulipanda safari za mbali. Injini ilikuwa imefunguliwa gereji, silinda zimechongwa na pistoni mpya zimepatikana. Yalibaki mambo mawili: itiwe kamshafti gani, na petroli iingizwe kwa kabureta la zamani au kwa injekta. Kwa sababu ya mambo hayo mawili, mama na mwana walikuwa hawasemezani kwa wiki ya pili.

Kijana alitaka kamshafti ya mashindano. Hoja yake haikuwa ya kitoto: Peugeot 504 yenye injekta ndiyo iliyompa Ove Andersson ushindi wa Safari Rally mwaka 1975. Mama naye alitaka gari la kupeleka vitambaa Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi, ambako soko limekua tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992. Tena alitaka gari ambalo jirani akishikwa na uchungu usiku, limfikishe hospitali.

Nikamwomba fundi anieleze, nami nawaeleza nilivyofahamu. Kamshafti ni chuma kirefu chenye vinundu, kinachozunguka ndani ya injini. Kila kinundu hufungua valvu kwa wakati wake: hii iingize hewa na petroli, ile itoe moshi. Kamshafti ya mashindano huziacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi. Injini ikienda mbio sana, hiyo ni faida, kwani hewa nyingi huingia. Ikienda polepole ni hasara: valvu ya kuingiza na ya kutoa huwa wazi pamoja kwa muda mrefu mno, moshi hujichanganya na hewa safi, injini hutetemeka, na nguvu ya kuvuta mzigo hupungua. Na kwenye mchanga wa laga, yaani mito mikavu ya Turkana, gari huokolewa na nguvu ya mwendo wa polepole.

Kuhusu injekta, kijana alikuwa na haki. Jua la mchana Lodwar hupita nyuzi 35 mara nyingi, na chini ya boneti joto huwa kali zaidi. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 40 hivi, mapema mno kuliko maji. Basi mapovu ya mvuke huijaza mipira, pampu ya zamani huvuta mvuke badala ya petroli, na gari huzima njiani na abiria wake. Penye injekta, pampu ya umeme huisukuma petroli kwa nguvu kutoka upande wa tangi, na ile inayobaki hurudishwa tangini. Petroli iliyoshindiliwa na inayozunguka haichemki kwa wepesi. Sharti lake ni chujio safi, kwa sababu tundu la injekta ni dogo na vumbi la huko halina huruma.

Lakini mambo haya mawili yamefungamana. Kompyuta ya injekta waliyoipata hupima mvuto wa hewa ndani ya injini, kisha hukadiria petroli. Kamshafti ya mashindano huufanya mvuto huo uyumbeyumbe gari linapokwenda taratibu. Kompyuta ikawa kama kadhi aliyeletewa shahidi mwenye kigugumizi: hukumu yake itakosea ingawa yeye ni mwadilifu. Ndiyo maana fundi alisema utaratibu ni huu: kwanza jua kazi ya gari, kisha chagua kamshafti, kisha injekta ifuate.

Nikawauliza: gari hili ni la nani? Kijana akajibu, “La baba.” Nikamwambia, baba ametangulia mbele ya haki, na madeni yake yamelipwa. Sasa ni la warithi: mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili wadogo. Tukaligawa kwa hesabu ya sharia katika mafungu 32. Mama ana 4, kijana ana 14, na kila binti ana 7. Kijana akatazama chini. Alikuwa hakuwahi kuona kwamba dada zake wawili, ambao bado wanafunzwa juzuu amma, wanalimiliki gari lile sawasawa na yeye.

Surat Nisaa imetuonya vikali juu ya mali ya yatima. Mama, ambaye marehemu alimfanya wasii, hana ruhusa ya kuitumia ila kwa maslahi yao. Injekta ina maslahi yao, kwa kuwa gari lisilozima ndilo litakaloleta riziki. Kamshafti ya mashindano ni fahari ya mtu mmoja kwa fedha za wanne. Basi wakaafikiana: kamshafti ya kawaida, na injekta. Tukaandika gharama mbele ya mashahidi wawili.

Kijana aliniambia wakati wa kuagana, “Sheikh, siku nikinunua gari langu, nitatia ile niitakayo.” Nikamjibu, siku hiyo mimi sitakuwa na neno.

Juzi mama amenipigia simu. Wamekwenda Kakuma na kurudi, jua la saa nane, na gari halikuzima. Aliyeendesha ni mwanawe.

Enyi wazazi, kabla ya kukitengeneza kilichoachwa na marehemu, hesabuni kwanza mafungu. Wabillahi tawfiq.