Jina la Uwanja ni Somo la Historia

Majina ya miji na viwanja ni maandishi ambayo mwanafunzi huyasoma kila siku pasipo kufungua kitabu. Bahati mbaya, shuleni ni nadra kufundishwa kuyasoma.

Tutazame Webuye. Enzi za ukoloni mji huu uliitwa Broderick Falls. Maporomoko yenyewe, katika Mto Nzoia, wenyeji huyaita Nabuyole. Jina la mgeni liliandikwa kwenye ramani, la wenyeji likasalia midomoni. Baada ya uhuru, jina Webuye lilichukua nafasi yake. Mwenye kujua Kibukusu husikia humo mwangwi wa Wekesa, aliyezaliwa msimu wa mavuno. Na katika Nabuyole, mwangwi wa Nafula, aliyezaliwa msimu wa mvua. Sauti za lugha zilirudi nyumbani.

Hata hivyo, kubadili jina si kuhifadhi historia. Juu ya mji huo kipo kilima cha Chetambe, ambako mwaka 1895 Wabukusu walipigana na jeshi la Waingereza lililoongozwa na C. W. Hobley. Ni wanafunzi wangapi wapitao chini ya kilima hicho wawezao kueleza yaliyotukia hapo?

Mjini Bungoma, uwanja wa Kanduyi ulipewa jina la Masinde Muliro, mmoja wa waasisi wa FORD mwaka 1991, aliyefariki mwaka 1992. Tarehe 1 Juni 2024 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika hapo. Wananchi wengi, hata hivyo, wangali wanasema Kanduyi tu. Wapo wanaouona huo kuwa ni ukaidi au kukosa heshima. Sikubaliani nao. Kanduyi hutaja mahali; Muliro hutaja mtu na mapambano yake. Majina hayo mawili yaweza kuishi pamoja, mradi kila moja lielezwe. Heshima ya shujaa haimo katika kibao cha langoni, bali katika kizazi kinachojua kwa nini kibao hicho kiliwekwa.

Webuye ulisifika kwa kiwanda chake cha karatasi. Itakuwa aibu iwapo historia ya majina yake itakosa ukurasa. Walimu na wawatume wanafunzi kwa wazee, daftari mkononi, wakaulize: hapa paliitwaje, na nani alipaita hivyo? Mwacha asili ni mtumwa. Na asiyeijua, ataiachaje au ataishikaje?