Majina ya Dira na Utambulisho wa Wasemaji: Mfano wa Bariadi na Mkoa wa Simiyu

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba jina la eneo na jina la lahaja, japo hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni kitu kimoja, huweza kuwa na asili zisizohusiana. Mfano unaochunguzwa ni Bariadi na maeneo yanayoizunguka.

Katika Kisukuma, neno sukuma lina maana ya kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki na ng'weli ni magharibi. Hivyo, Msukuma ni mtu wa kaskazini, na kaskazini hiyo ina maana pale tu panapokuwa na mtu wa kusini anayeitaja. Kwa mtazamo wa Wasukuma, Wanyamwezi ndio Wadakama. Hali hii si ya Kiafrika pekee: Norway, katika rasi ya Skandinavia, jina lake hufasiriwa kwa kawaida kuwa ni njia ya kaskazini. Tofauti ni kwamba Norway ilipata mipaka ya dola, na jina likasahau dira yake. Kwa Wasukuma maana ya dira bado i hai, na hapo ndipo matatizo ya mtafiti yanapoanzia.

Wanaisimu wengi hutaja lahaja tatu zinazoelewana bila taabu: KimunaSukuma upande wa magharibi, GinaNtuzu kaskazini-mashariki na JinaKiiya kusini-mashariki. Msomaji ataona mara moja kwamba lahaja iitwayo "ya kaskazini" haikai kaskazini, na kwamba Bariadi, iliyo kaskazini-mashariki, haikupewa jina la dira hata kidogo. Ntuzu lilikuwa jina la utemi. Utawala wa kichifu ulifutwa nchini mwaka 1963, lakini jina limebaki katika vinywa vya wasemaji, nao hujitambulisha kwalo.

Jambo la pili ni kiambishi cha ngeli. Majina hayo matatu huanza kwa ki-, gi- na ji-, ambavyo ni sura tatu za kiambishi kimoja cha ngeli ya saba. Kwa maneno mengine, lahaja hujitofautisha kwa namna inavyojitaja yenyewe. Mtu asije akadhani kwamba gi- ni zao la Kanuni ya Dahl, iliyopewa jina la mmisionari Edmund Dahl aliyefanya kazi Unyamwezi, na ambayo hudhihirika katika -datu, yaani "tatu". Kanuni hiyo hudai kwamba silabi inayofuata ianze kwa konsonanti isiyo ghuna. Katika GinaNtuzu kinachofuata ni nazali, kwa hiyo sharti halikutimia. Maelezo yatafutwe katika historia ya kiambishi chenyewe. Aidha, irabu za Kisukuma ni saba, ndiyo maana Herman Batibo aliandika Kesukuma katika kitabu chake cha mwaka 1985. Tahajia ya irabu tano ya Kiswahili huficha tofauti hiyo.

Mipaka ya kiutawala haitusaidii. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, Bariadi ikiwa makao makuu, na ukapewa jina la mto unaotiririka kuelekea Ghuba ya Speke katika Ziwa Victoria. Wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu zilitokana na Mkoa wa Shinyanga, ilhali Busega ilimegwa kutoka Mwanza. Huko Meatu, kuelekea bonde la Ziwa Eyasi, wamo pia Wataturu, ambao lugha yao ni ya Kinilotiki, na Wahadzabe, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na jamaa yoyote. Hakuna "Kisimiyu", na ni vema kisibuniwe.

Guthrie aliweka Kisukuma katika F21 na Kinyamwezi katika F22, nasi tumezoea kunakili nambari hizo bila kuuliza msemaji ni wa wapi. Tasnifu inayotangaza kueleza "toni za Kisukuma" kwa data ya kijiji kimoja cha Kwimba haimwelezi msemaji wa Ntuzu. Na kwa kuwa maandishi juu ya lahaja yake ni machache, ukimya huo unamfuta. Mwanafunzi anayekusanya data aandike kijiji, utemi wa zamani na jina ambalo msemaji mwenyewe anaipa lugha yake, likiwa na kiambishi chake kama kilivyotamkwa.