Mwenyeji Njoo, Mgeni Apone: Siku Moja Katika Milima ya Andes

Mpenzi msomaji, wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika makala hii nataka kuonyesha kwamba kwenye milima ya Andes, kule Amerika ya Kusini, methali hii yaweza kugeuzwa. Huko mgeni ndiye huponea kwa mwenyeji.

Kilichonichochea kuandika ni aibu. Likizo ya Desemba iliyopita binamu yangu kutoka Mombasa alitutembelea Kinangop, nami nikamtembeza kutwa nzima. Aliniuliza majina ya vilima na vijito, nikabaki kukuna kichwa. Nyanya, aliyekuwa akipalilia viazi kando ya njia, ndiye aliyemjibu yote. Kisha binamu akauliza, "Na viazi je, vilitoka wapi?" Hapo hata nyanya alinyamaza. Shule zilipofunguliwa nilikimbilia maktaba, nikagundua kwamba viazi vilitoka Andes. Wenyeji wa huko walivilima kwa maelfu ya miaka kabla Wahispania hawajavipeleka Ulaya katika karne ya 16.

Mimi sijafika huko, na nauli yenyewe sina. Lakini tufanye kana kwamba tuna marafiki katika mji wa Cusco, nchini Peru, nao wametupa siku moja watutembeze.

Asubuhi hatutakimbia. Cusco uko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu mara mbili ya Nairobi. Hewa ni nyepesi, na kila pumzi huleta oksijeni kidogo kuliko tulivyozoea. Mgeni mwenye pupa huumwa na kichwa, hutapika, na akizidisha anaweza hata kufa. Kwa hivyo wenyeji watatuambia, "Polepole!" Watatupa chai ya majani ya koka. Majani hayo ni halali kwao, lakini jamani, msiyatie mfukoni kuja nayo nyumbani! Koka ndiyo hutengenezewa kokeini, na nchi nyingi zimeipiga marufuku.

Kutoka Cusco tutapanda gari hadi kijiji cha Chinchero. Hapo akina mama husokota sufu na kuifuma kwa mikono. Mgeni aliye peke yake ataona nguo nyekundu tu, anunue, aende zake. Mwenyeji atamwonyesha vidudu vidogo vinavyoishi kwenye mpungate. Vikikaushwa na kupondwa, hutoa rangi nyekundu inayotia sufu hiyo.

Tutaendelea hadi Moray. Hapo Wainka, watu waliotawala Andes kabla ya Wahispania, walijenga matuta ya mviringo yanayoshuka chini kama ngazi za bakuli kubwa. Joto la juu na la chini si sawa. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi huamini kwamba hapo ndipo mimea ilipokuwa ikijaribiwa. Aidha, kuta za mawe hunasa joto la jua mchana na kulitoa usiku, ili baridi isiue mimea.

Karibu na hapo pana chumvi ya Maras. Si mnajua chumvi ya Gongoni kule pwani hutokana na maji ya bahari? Hii ya Maras iko zaidi ya mita 3,000 juu, na bahari iko mbali! Chemchemi yenye chumvi hutoka mlimani, maji yakaelekezwa kwa mfereji mwembamba hadi kwenye vidimbwi maelfu. Jua huyakausha, chumvi hubaki. Vidimbwi hivyo ni mali ya familia za hapo, na bado zinavuna chumvi hadi leo.

Chakula cha mchana? Viazi, bila shaka! Msimu wa mavuno wenyeji hujenga tanuri dogo la madongoa ya udongo, wakaliwasha moto mpaka madongoa yawe moto kabisa. Kisha hutia viazi ndani na kuliangusha tanuri juu yake. Vingine huachwa nje vigande kwa baridi ya usiku, vikakanyagwa na kuanikwa juani, navyo huweza kuwekwa kwa miaka. Peru ina zaidi ya aina 3,000 za viazi. Na sisi hapa twajua Shangi tu!

Tukiwakuta wenyeji shambani, tusishangae kupewa kazi. "Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe." Wao wana desturi iitwayo ayni: leo nakulimia wewe, kesho wanilimia mimi. Nyanya aliposikia hayo alicheka akasema, "Hiyo si ngwatio yetu tu?"

Jioni tutafika Ollantaytambo, ambako Wainka waliwarudisha nyuma Wahispania. Watu bado wanaishi katika vichochoro vilivyojengwa na Wainka, na maji bado yanapita kwenye mifereji ya mawe. Huko tukisema "Allillanchu?", yaani hujambo, nyuso zitachangamka. Hicho ni Kikechua. Lugha hiyo ilidharauliwa kwa karne nyingi hadi Peru ilipoifanya lugha rasmi mwaka 1975. Wana Chama cha Kiswahili, hilo tunalielewa vizuri.

Namalizia kwa kisa kimoja. Vitabu vingi husema Machu Picchu iligunduliwa na Mmarekani Hiram Bingham mwaka 1911. Waama, aliyempandisha mlimani ni mkulima wa hapo, Melchor Arteaga. Juu walikuta familia zinalima kwenye matuta yale yale, na mtoto mmoja ndiye aliyemwongoza Bingham katikati ya magofu. Sasa nani aligundua nini?

Ndugu msomaji, mgeni huona mawe, lakini mwenyeji ndiye ajuaye maji yanapita wapi. Sasa kila Jumamosi nafuatana na nyanya shambani nikiandika majina ya vilima vyetu. Nimefika kumi na vinne. Binamu akija tena, atanikuta tayari. Je, wewe mgeni wako akija leo, utamwonyesha nini?