Sikio Lipimwe kwa Lugha ya Mwenyewe

Wahenga walinena kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Lakini kabla ya kutamka kuwa sikio limekufa, hatuna budi kuuliza: limepimwa kwa maneno ya lugha gani?

Swali hili lina uzito wa pekee huko Kasese, magharibi ya Uganda. Mgodi wa Kilembe ulitoa shaba tangu miaka ya 1950 hadi mapema miaka ya 1980, na kazi ya mgodini ni kazi ya baruti na mashine za kutoboa miamba. Makelele ya namna hiyo huharibu kwanza usikivu wa sauti nyembamba, nazo ndizo zibebazo herufi kama s, f na sh. Aliyeathirika husikia kwamba anaitwa, lakini "fika", "pika" na "shika" humjia kana kwamba ni neno moja. Ndipo mzee hulalamika: "Nasikia, ila sielewi."

Kipimo cha milio mitupu ya mashine hakitoshi kufichua shida hiyo. Hutakiwa pia kipimo cha maneno. Mpimwaji huketi katika chumba kimya. Maneno ya orodha maalumu husomwa moja moja, naye huyarudia kama alivyoyasikia. Msomaji huficha midomo yake ili isitazamwe. Orodha ikiwa na maneno 50, kila jibu sahihi huhesabiwa asilimia 2.

Orodha zilizopata sifa duniani zilitungwa Marekani, kwa Kiingereza, katika miaka ya 1940 na 1950. Nyingi zimejaa maneno ya silabi moja, ambayo ni machache mno katika lugha zetu za Kibantu. Basi tumfikirie mkulima wa Bwera, jirani na mpaka wa Mpondwe. Nyumbani husema Lhukonzo, lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti huweza kubadili maana ya neno. Sokoni hukutana na Wanande wa Kongo, ambao lugha yao ni ndugu ya yake, na Kiswahili nacho husikika. Kiingereza huenda hakukisoma kamwe. Akipimwa kwa Kiingereza akashindwa, je, limeshindwa sikio au imeshindwa lugha?

Kosa hilo si dogo. Mzima huweza kuhesabiwa kiziwi. Na kiziwi wa kweli huweza kurudishwa nyumbani bila msaada, kwa kudhaniwa kwamba hakuelewa lugha tu.

Orodha ifaayo ni ya maneno yajulikanayo na kila mtu mzima, asomaye na asiyesoma. Yenye sauti zilingane na za mazungumzo ya kila siku. Itamkwe na mzawa wa lugha, na ijaribiwe kwanza kwa watu wenye masikio mazima. Kazi hiyo haihitaji mitambo ya fahari. Yahitaji wauguzi, walimu na wazee waketi pamoja na wataalamu wa lugha.

Sikio likiulizwa kwa lugha lililolelewa nayo, hapo ndipo litakapojibu kweli kama limekufa au lingali hai.