Tembo la Siku Moja

Chupa ya Barolo, ule mvinyo mwekundu wa Kiitalia utokanao na zabibu za Nebbiolo katika mkoa wa Piemonte, ikibahatika kuvuka bahari hata ikafika mbele ya mgeni wa Shela, kisiwani Lamu, mvinyo uliomo huwa umekwisha kuhifadhiwa, kwa amri ya sheria ya kwao, miezi 38 tangu Novemba ya mwaka wa mavuno, 18 kati ya hiyo ndani ya pipa. Ilhali tembo la mnazi lililogemwa alfajiri katika mashamba ya nyuma ya mji wa Amu, mwendo mfupi tu kutoka hapo, jioni limekwisha kuwa kali, na siku chache baadaye ni siki. Kule umri huongeza thamani, na tangu 1980 jina lenyewe limewekwa katika daraja ya juu ya ulinzi wa sheria. Huku umri ni hasara, na jina la tembo aghalabu hutajwa kwa sauti ya chini.

Mfanyabiashara mmoja wa jumla, anunuaye kwa wagema wa kisiwani na wa ng'ambo, na ambaye kwa sababu zilizo dhahiri hakutaka kutajwa, hakuwalalamikia wateja wala bia, bali kalenda. Leseni, alisema, ni ya mwaka. Mwenye mnazi hulipwa kwa mwezi. Mgema hudai haki yake papo hapo ashukapo na kotama yake kiunoni. Na tembo ni la siku moja. Mashua ikichelewa maji, madumu humwagwa, wala hakuna daftari liandikalo hasara hiyo. Lililomchoma zaidi ni misako. Sheria ya Kenya ya 2010 iliifuta marufuku ya pombe ya chang'aa na kuvitia vileo vyote katika utaratibu wa leseni, na katiba ya mwaka huo huo ikazikabidhi kaunti kazi ya kuzitoa. Walakini, kwa kauli yake, kila pombe ya sumu ikiua watu huko bara, wakaguzi huja pwani kumwaga tembo, kana kwamba kinywaji kitokacho juu ya mti hakijatiwa kitu ni sawa na kile kipikwacho gizani. (Kwamba hakijatiwa kitu ni neno lake, wanywaji wa Amu wayajua maji wayaonjapo.)

Ofisa mmoja wa kilimo alikuwa na habari njema zaidi. Mnazi wa pwani, alieleza, huzaa nazi kama 30 kwa mwaka, nao ukitunzwa waweza kupita 80; basi miche bora ikigawiwa, pato litapanda maradufu na zaidi. Hesabu hiyo ni nzuri mno kwa mtu asiyekwea. Karara lililofungwa na kukatwa asubuhi na jioni halizai nazi, na mwenye shamba aliye na haja ya fedha leo haoni sababu ya kungoja nazi ambayo bei yake huipanga dalali. Tena mji wa Amu ni wa Kiislamu, na husemwa kwamba baadhi ya wenye mashamba hukodisha minazi kwa jina la nazi, wasiulize kibuyu kimetundikwa kwa nini. Ofisa alipoulizwa ni mingapi igemwayo, alijibu kwamba daftari lake halina safu ya tembo.

Yamkini biashara hii itanyanyuka endapo tembo litachemshwa na kutiwa chupani lisizidi kuchacha, kama wengine wanavyopendekeza. Lakini chupa, moto na usafiri vina gharama, na mnywaji wa mnazi hutaka povu, si lebo. Mfanyabiashara wetu, kwa upande wake, amekwisha kujipatia njia ndogo: lisilouzwa huliacha likageuka kabisa, kisha huwauzia akina mama wapikao achari ya maembe, nao hulipa fedha taslimu, na kwa siki hakuna aliyemwuliza leseni.