Karafuu za Kuibwa na Siri za Akili Bandia



Mwezi uliopita, katika ukumbi wa arusi, mama mmoja wa makamo aliniita pembeni akanikabidhi bahasha. "Mwalimu, nisomee hii kabla mwanangu hajaitia saini," alisema. Ndani mlikuwa na mkataba wa ajira wa kurasa kumi na mbili. Kijana wake, aliyehitimu uhandisi wa kompyuta hapa hapa California, alikuwa amepata kazi katika kampuni inayotengeneza programu za akili bandia, ambayo wengine huiita akili mnemba au akili unde. Kurasa nne kati ya zile kumi na mbili zilihusu jambo moja tu, nalo ni siri. Mama hakuiogopa kazi. Alichoogopa ni habari aliyoisikia juu ya mhandisi mhamiaji aliyetiwa hatiani San Francisco. "Yule naye ni mtoto wa watu," alisema.

Mhandisi huyo ni Linwei Ding, raia wa China, aliyeajiriwa na Google mwaka 2019. Kazi yake ilikuwa katika mitambo ya kompyuta kuu ambamo programu za akili bandia hufundishwa na kuendeshwa. Kwa mujibu wa hati ya mashtaka, tangu Mei 2022 hadi Mei 2023 alikuwa akihamisha nyaraka za kampuni na kuzipeleka katika hifadhi yake binafsi. Njia aliyoitumia ilikuwa nyepesi mno. Aliyanakili maandishi ya kampuni, akayabandika katika programu ya kawaida ya kuandikia kumbukumbu iliyomo ndani ya kompyuta aliyopewa kazini, akayageuza kuwa nyaraka za PDF, kisha akayapakia nje. Hati ya kwanza ya mashtaka ilitaja faili zaidi ya 500. Ya pili, ya Februari 2025, ikataja zaidi ya 1,000.

Katika kipindi hicho hicho kampuni moja changa ya China ilimwahidi cheo cha mkuu wa teknolojia kwa mshahara wa dola 14,800 kwa mwezi, na baadaye akaanzisha kampuni yake mwenyewe mjini Shanghai, naye bado yumo katika orodha ya mishahara ya Google. Kuna jambo moja dogo ambalo mimi binafsi sikuweza kulisahau. Alipokuwa China, mfanyakazi mwenzake alikuwa akiipitisha beji yake mlangoni mwa jengo la Google huku Marekani, ili ionekane kwamba yupo kazini. Sote tuliowahi kufanya kazi za zamu tunaujua ujanja huo. Aghalabu hufanywa na mtu aliyechelewa basi.

Alikamatwa Machi 2024, akashtakiwa kwa makosa manne ya wizi wa siri za biashara. Mwaka uliofuata mashtaka yakawa kumi na manne: saba ya wizi wa siri za biashara na saba ya ujasusi wa kiuchumi. Mwishoni mwa Januari 2026 baraza la mahakama, yaani raia wa kawaida walioteuliwa kuisikiliza kesi, lilimwona ana hatia kwa yote kumi na manne. Tofauti kati ya makundi hayo mawili si ya jina tu. Sheria ya Ujasusi wa Kiuchumi ya mwaka 1996 huweka kifungo kisichozidi miaka 10 kwa kila kosa la kuiba siri kwa faida ya mtu au kampuni. Lakini ikithibitika kwamba mwizi alikusudia kuinufaisha serikali ya kigeni, kifungo hupanda hadi miaka 15. Hapo ndipo mhamiaji anapopaswa kusoma mara mbili. Kitendo ni kile kile, faili ni zile zile, bali nia ndiyo inayopimwa. Katika kesi hii waendesha mashtaka walitegemea, pamoja na mengine, maombi aliyopeleka katika mpango wa serikali mjini Shanghai wa kuvutia wataalamu, ambamo alieleza jinsi kazi yake ingeisaidia China kuwa na uwezo wa kompyuta ulio sawa na wa mataifa mengine.

Sasa, siri ya biashara ni kitu gani hasa? Mwenye hataza huitangazia dunia uvumbuzi wake, na kwa malipo ya kuutangaza hulindwa kwa miaka isiyozidi 20 hivi, kisha uvumbuzi huwa wa kila mtu. Mwenye siri ya biashara hufanya kinyume chake. Ni kama mganga wa kijijini ajuaye mizizi mitatu ichemshwayo pamoja: hakuiandikisha popote, na haki yake hudumu maadamu mdomo wake umefungwa. Siku jirani atakapoigundua mwenyewe kwa kuchimba na kujaribu, mganga hana la kudai. Jirani akiingia usiku kuiba mkoba, hapo kuna kesi. Lakini sheria inamtaka mganga naye awe ameufunga mkoba wake kwa juhudi za busara. Ndiyo maana mawakili wa Ding walijitetea kwamba nyaraka zile zilikuwa wazi kwa maelfu ya wafanyakazi wa Google, basi zingeitwaje siri? Utetezi huo haukufua dafu.

La kustaajabisha ni kwamba katika akili bandia, elimu yenyewe kwa sehemu kubwa haikuwa siri. Mwaka 2017 watafiti wanane waliofanya kazi Google waliandika makala ya kisayansi iliyoeleza muundo ambao leo ndio msingi wa programu karibu zote zinazozungumza na kuandika kama binadamu. Makala hiyo ilitolewa bure, ikasomwa Beijing kama ilivyosomwa Boston. Kilichofichwa ni ufundi wa utekelezaji: jinsi ya kuunganisha maelfu ya chipu zifanye kazi kama kompyuta moja, jinsi ya kugawa mzigo ili nyingine zisikae bure, na nini cha kufanya chipu moja inapokufa katikati ya kazi ya majuma mengi. Seremala yeyote anaweza kukuchorea jahazi mchangani. Kulifanya lisivuje ni habari nyingine, na faili za Ding zilikuwa za namna hiyo ya pili.

Wizi wa aina hii, kwa hakika, ni wa kale, na sisi watu wa pwani hatuna budi kuukumbuka kwa unyenyekevu. Katika karne ya 17 Waholanzi waliihodhi karafuu ya dunia. Waliuzuia ulimaji wake usitoke nje ya kisiwa cha Ambon na visiwa vilivyo jirani yake, na kwingineko katika Maluku walikata mikarafuu kwa mashoka ili bei isishuke. Siri ile ilikuwa mche hai. Karibu na mwaka 1770, Mfaransa aitwaye Pierre Poivre, aliyekuwa mtawala wa kisiwa ambacho leo ni Mauritius, alituma vyombo vilivyorudi na miche ya karafuu na ya kungumanga kutoka visiwa vile. Kutoka Mauritius miche ikaenda Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja. Sayyid Said akahimiza ipandwe, na kwa jasho la watumwa Unguja na Pemba zikawa wauzaji wakubwa wa karafuu duniani. Harufu inayotukumbusha nyumbani ilianza na wizi wa siri ya biashara, na hakuna Mholanzi aliyewahi kulipwa.

Marekani nayo ina karafuu yake. Mwaka 1789 kijana Mwingereza, Samuel Slater, aliyefundishwa kazi katika kiwanda cha nyuzi za pamba, aliondoka kwao kimya kimya wakati sheria ya Uingereza ikikataza mafundi wa nguo kuhama na kuchukua michoro ya mashine. Hakubeba karatasi. Mashine zote zilikuwa kichwani mwake. Mwaka 1790 alikwisha kuziendesha Pawtucket, katika jimbo la Rhode Island. Waingereza wa mji alikotoka walimwita msaliti. Wamarekani humwita baba wa viwanda vyao. Sisemi haya ili kumtetea aliyetiwa hatiani. Nasema kwa sababu taifa lililo mbele hulilinda lango, na lililo nyuma huutafuta upenyo, na mataifa hubadilishana nafasi bila haya.

Leo lango limefungwa kwa chipu. Tarehe 7 Oktoba 2022 serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuiuzia China chipu zenye nguvu zaidi za akili bandia pamoja na mashine za kuzitengenezea, na mwaka uliofuata ikayakaza masharti. Chipu hizo huchorwa zaidi Marekani, hutengenezwa Taiwan na kampuni ya TSMC, kwa mashine ambazo kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi, inaweza kuziunda. (Waholanzi wamerudi, safari hii wakiwa bawabu wa mlango wa mwingine.) Asiyeweza kununua chipu nyingi anahitaji sana ufundi wa kuzitumia vizuri zile chache alizo nazo, kwa hiyo kila marufuku huipandisha thamani siri iliyobaki. Na njia si ya wizi peke yake. Januari 2025 kampuni ya China, DeepSeek, ilitoa programu iliyokaribia zile bora za Marekani, na kwa siku moja hisa za Nvidia zikapoteza thamani ya takriban dola bilioni 600. OpenAI ililalamika kwamba huenda DeepSeek ilijifunza kutokana na majibu ya programu zake. Wengi walicheka, maana OpenAI yenyewe ilikuwa imeshtakiwa na gazeti la New York Times tangu Desemba 2023 kwa kujifunza kutokana na makala zake bila ruhusa.

Wala wizi si wa wageni tu. Desemba 2015 Anthony Levandowski, mhandisi mashuhuri wa magari yajiendeshayo, alipakua faili zipatazo 14,000 kutoka Google muda mfupi kabla ya kuacha kazi. Kampuni aliyoianzisha ikanunuliwa na Uber. Waymo, kampuni dada ya Google, iliishtaki Uber, na mwaka 2018 wakapatana kwa hisa zilizokadiriwa dola milioni 245. Levandowski alikiri kosa moja, akahukumiwa miezi 18 jela mwaka 2020, na Januari 2021 Rais Trump akamsamehe kabla hajaanza kifungo. Linganisha mwenyewe, msomaji.

Ama kuhusu hofu ya yule mama, haikuwa ya bure. Novemba 2018 Wizara ya Sheria ya Marekani ilianzisha mpango maalumu wa kupambana na ujasusi wa kiuchumi wa China. Katika kuutekeleza, wanasayansi kadhaa walikamatwa, si kwa wizi wa siri, bali kwa kudaiwa kuficha uhusiano wao na vyuo vya China. Profesa Gang Chen wa chuo cha MIT, aliyekwisha kuwa raia wa Marekani, alikamatwa Januari 2021. Mwaka mmoja baadaye waendesha mashtaka wenyewe waliiondoa kesi. Mwenzake mmoja wa Tennessee aliachiwa huru na hakimu Septemba 2021, akiwa amekwisha kupoteza kazi yake. Februari 2022 wizara iliufuta mpango huo, ikikiri kwamba umejenga dhana ya kuwatazama watu wa asili ya China kwa jicho tofauti. Sisi si Wachina, lakini tunayo majina yasiyotamkika kirahisi, tunatuma fedha nje kila mwezi, na tunasafiri nyumbani kwa tiketi zilizokatwa ghafla kwa sababu ya msiba. Mambo haya si hatia. Kwa mpelelezi aliyekwisha kukushuku, hata hivyo, ni mambo ya kuandikwa.

Niliurudia mkataba wa kijana jioni ile kwa penseli. Sheria ya California, kwa mapokeo yaliyoanza mwaka 1872, haimruhusu mwajiri kumfunga mfanyakazi asiende kufanya kazi kwa mshindani. Ujuzi ulioingia kichwani na mikononi ni wako, unaondoka nao mchana kweupe. Faili si yako, hata kama uliiandika wewe neno kwa neno, hata kama ulitaka tu kuitunza kuwa ukumbusho wa kazi uliyojivunia. Wengi hunaswa hapo: wiki ya mwisho mtu hujitumia nyaraka kwa barua pepe yake binafsi bila nia mbaya, na rekodi hubaki. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2016 pia humlinda mfanyakazi anayeipeleka siri kwa wakili au kwa serikali, kwa faragha, ili kuripoti uvunjaji wa sheria. Kifungu hicho kimo katika mkataba wake, ukurasa wa saba, kwa herufi ndogo.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na jedwali tupu. Lilimtaka aorodheshe uvumbuzi aliokuwa nao kabla ya kuajiriwa, ili kampuni isije ikadai kuwa ni wake. Kijana alikuwa amelipitisha mstari, akidhani halimhusu. Nilimpigia simu. Ndipo aliponiambia kwamba tangu chuoni ana programu ndogo aliyoiandika mwenyewe, ambayo kikundi cha akina mama, mamake akiwamo, hukitumia kuhesabu michango ya arusi na misiba. Aliufuta mstari, akaiandika.