Mtihani wa kompyuta na wa karatasi: mtoto anapimwa nini hasa?

Mtihani wa Kidato cha Nne, KCSE, ungali unaandikwa kwa kalamu. Ule wa Gredi ya Sita, KPSEA, hutumia penseli: mwanafunzi hutia alama kwenye jibu alilochagua, kisha karatasi yake husomwa na mashine. Mitihani hiyo ni kazi ya Baraza la Mitihani la Kenya, si ya serikali ya kaunti.

Hata hivyo, wazazi wanauliza kuhusu mitihani ya kompyuta, na wana sababu. Kijana wa hapa anayeomba nafasi katika chuo kikuu cha Marekani, akitakiwa kufanya mtihani wa SAT, ataufanyia kwenye kompyuta. Walio nje ya Marekani walianza kuufanya hivyo Machi 2023, na Marekani yenyewe ikafuata Machi 2024. Nigeria, mtihani wa kuingia vyuo vikuu umekuwa wa kompyuta pekee tangu 2015. Tukumbuke pia kwamba waajiri wengi siku hizi huwapima vijana kwa maswali ya mtandaoni kabla hata ya kuwaita kwa mahojiano.

Karatasi ina gharama ambazo hatuzioni. Kila mwaka karatasi za KCSE huchapishwa, hufungwa, huhifadhiwa kwenye kontena chini ya ulinzi wa polisi, na wakuu wa shule huzifuata huko alfajiri. Mitihani huja wakati wa mvua za vuli, na kuna miaka ambayo barabara zimekatika ikabidi helikopta zitumike. Baadaye walimu kwa maelfu hukusanywa kusahihisha. Kompyuta hupunguza mengi ya hayo. Maswali ya kuchagua husahihishwa papo hapo, na kila mtahiniwa anaweza kupewa maswali kwa mpangilio wake, hivyo kuchungulia kwa jirani hakumfai sana. Insha ni jambo jingine. Pale matokeo yanapokuwa na uzito kama wa KCSE, bado tungetaka binadamu aisome.

Swali kubwa ni hili: mwanafunzi yuleyule, kwa maswali yaleyale, atapata alama ileile? Jibu ni kwamba si lazima. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mwaka 2015 na 2016, baadhi ya shule zilifanya mtihani mmoja kwa kompyuta na nyingine kwa karatasi. Watafiti walipolinganisha wanafunzi waliokuwa wakilingana hapo awali, waliotumia kompyuta walipata alama za chini, na pengo lilikuwa kubwa zaidi katika lugha kuliko hisabati. Mwaka wa pili pengo hilo lilipungua, ingawa halikwisha. Tunavyoona sisi, hapo ndipo penye funzo kwa mzazi. Watoto hao hawakuwa wamesahau hesabu wala kusoma. Sehemu ya alama ilipotelea kwenye chombo, na mazoea yakaanza kuirudisha. Ikiwa jambo hilo lilitokea Marekani, fikiria mtoto ambaye anashika kipanya kwa mara ya kwanza asubuhi ya mtihani. Huyo anapimwa kipanya kwanza, hesabu baadaye.

Mtu aliyewahi kusoma taarifa ndefu kwenye skrini anajua tatizo la lugha linatoka wapi. Kwenye karatasi mtoto hupigia mstari sentensi, huweka kidole kwenye aya, na hurudi nyuma bila kutafuta. Kwenye skrini taarifa iko juu, swali liko chini, na kila kurudi ni kusogeza ukurasa. Katika hisabati, anayesahau kunakili swali kwenye karatasi ya kufanyia kazi hukokotoa kichwani na kukosea. Kwa upande mwingine, mtoto asiyeona vizuri anaweza kukuza herufi mwenyewe kwenye kompyuta bila kungoja karatasi maalumu ya maandishi makubwa.

Kisha kuna mitambo yenyewe. Mwaka 2025 nchini Nigeria, zaidi ya watahiniwa 379,000 wa Lagos na majimbo ya kusini-mashariki waliitwa kurudia mtihani. Hitilafu ilikuwa kwenye programu: seva za vituo vyao hazikuwa zimewekewa marekebisho yaliyowekwa kwingine. Bodi ya mitihani ilikiri kosa hilo hadharani, lakini ni baada ya matokeo kutoka na familia kulalamika. Karatasi nayo huibwa na huchelewa, lakini haizimiki stima ikikatika. Shule yoyote itakayotaka kupima wanafunzi kwa kompyuta iulizwe mapema: stima ikipotea katikati ya mtihani, majibu yaliyokwisha kuandikwa yanabaki? Na dakika zilizopotea zinarudishwa?

Mafunzo hayahitaji mashine ya bei kubwa. Yanahitaji kibodi, na hapa simu haisaidii sana, kwa kuwa mtoto anayeandika haraka kwa vidole gumba anaweza kuchukua nusu saa kuandika aya moja kwenye kompyuta. Shule nyingi za msingi za umma zilipokea tabuleti kupitia mpango wa serikali kuu ulioanza 2016. Muulize mwalimu mkuu kama bado zinatumika au zimefungiwa kabatini. Chini ya Katiba, kaunti inasimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, na maktaba za umma nazo zimegatuliwa. Ulizia kwenye chuo cha ufundi au maktaba iliyo karibu nawe kama kuna kompyuta na saa ambazo wanafunzi wanaruhusiwa kuzitumia. Ikiwa hakuna, lipeleke swali hilo kwenye kikao cha umma cha bajeti ya kaunti katika wadi yako, wakati fedha bado hazijagawanywa.

Mtoto akiipata kompyuta, mpe taarifa ya kurasa mbili aisome kwenye skrini na kujibu maswali matano kwa kuandika, akiwa na karatasi tupu na penseli kando yake. Afanye hivyo mara moja kwa wiki, kwa muhula mzima.